Tiba ya Shughuli: Istilahi na Mpango wa Mtoto Mwenye Usonji

Tiba ya shughuli ni fani ya afya inayomsaidia mtu aliyezuiwa na ugonjwa, ajali au ulemavu aweze kufanya mambo yanayoijaza siku yake: kula, kuoga, kuvaa, kulala, kucheza, kusoma, kutafuta riziki, kukaa na watu. Katika Kiswahili fani hii haijapata jina moja. Wako wanaoiita tiba ya kazi au tibakazi; Tanzania wengi husema tiba kwa vitendo; na mara nyingi hospitalini mzazi husikia herufi mbili tu, OT, kifupi cha jina la Kiingereza occupational therapy, kisha akaonyeshwa mlango. Hoja yangu ni kwamba jina linalofaa zaidi ni tiba ya shughuli, na kwamba faida ya kulichagua inakwenda mbali kuliko kamusi. Jina ndilo linalomwelekeza mtaalamu nini cha kuandika katika mpango wa mtoto mdogo mwenye usonji, ndilo linalowaonyesha watu wa nyumbani wapi pa kutia mkono, na ndilo linalomwambia mzazi atazame nini ili ajue kama mwanawe anasonga mbele.

Historia ya fani inaeleza kwa nini majina yamegawanyika. Chama cha kwanza cha kuiendeleza kiliundwa Machi 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, nyumbani kwa George Edward Barton, msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande wa kushoto. Barton na wenzake waliamini kwamba mgonjwa aliyeachwa kitandani bila la kufanya huzidi kudhoofika, na kwamba kushughulishwa kwa jambo lenye maana ni sehemu ya kupona. Katika miaka ile, wagonjwa wa akili na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walifundishwa kusuka vikapu, kuranda mbao na kufuma nguo. Anayetafsiri fani hii kuwa tiba ya kazi anaitazama karakana hiyo. Lakini neno walilolichagua waasisi, occupation, lina asili ya Kilatini yenye maana ya kushika na kujaza. Walikusudia chochote kinachoushika muda na akili ya mtu. Kiswahili kina neno la namna hiyo hiyo. Shughuli limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kumshika mtu kwa jambo, na kwetu limezaa shughulika, shughulisha na shughulikia. Waarabu wenyewe, kwa fani hii, wametumia neno lenye mzizi mmoja na wadhifa wetu, kwa hiyo jina lao limeelekea upande wa kazi na majukumu. Sisi hatulazimiki kuwafuata, kwa kuwa neno pana tunalo.

Ubaya wa neno kazi unaonekana mara moja mgonjwa akiwa na miaka minne. Mtoto wa umri huo hana kazi, na mzazi anayeambiwa mwanawe anahitaji tiba ya kazi ama huduwaa, ama hudhani ni mafunzo ya ufundi ya baadaye. Vitendo ni neno bora zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba tiba hii haitolewi kwa kidonge wala sindano. Hata hivyo kitendo ni kitu kimoja kilichokatwa kutoka katika mambo yanayokizunguka. Kushika kijiko ni kitendo. Kula chakula cha mchana na ndugu zako ni shughuli. Shughuli ina mahali pake, wakati wake, watu wake, vifaa vyake na sababu ya kufanywa. Vilevile wapo wanaoichanganya fani hii na tiba ya viungo, wakaiita mazoezi. Mzazi akilishika jina hilo atangoja mtoto anyooshwe mikono na miguu, na asiponyooshwa ataona amepotezewa nauli.

Kwa mtoto mwenye usonji tofauti hizi zina uzito wa pekee. Usonji ulielezwa kwa kina na daktari Leo Kanner huko Baltimore mwaka 1943, katika taarifa ya watoto 11. Mtoto mwenye usonji hupata taabu katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, na huwa na mienendo ya kurudiarudia au kushikilia utaratibu mmoja. Tangu 2013 mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani unataja wazi pia namna milango ya fahamu inavyoweza kupokea mambo kupita kiasi au chini ya kiasi: sauti inayomuumiza mmoja, mguso unaomkera mwingine, harufu inayomfukuza wa tatu. Mikono na miguu ya mtoto huyu inaweza kuwa mizima kabisa. Kinachokwama ni mambo ya siku: mlo, kuoga, nguo, usingizi, mchezo, darasa. Ndiyo maana mpango ulioandikwa kwa viungo au kwa vitendo vya pekee unaweza kutimia wote karatasini na nyumbani pasibadilike kitu.

Tuujaribu uteuzi huu wa jina katika mpango wenyewe, na tuuweke Munje, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho pwani ya Kenya, kusini mwa Msambweni. Mtoto wa mfano ana miaka minne. Husema maneno machache, hula vyakula vikavu pekee, huziba masikio na kukimbia kelele zikizidi, na nguo yenye mshono mgumu shingoni huivua pale pale. Mtaalamu anayeanza na vitendo atampima anavyoshika kalamu, anavyopanga vibao, na muda anaoweza kusimama kwa mguu mmoja. Vipimo hivyo vina manufaa yake, lakini vikitangulia ndivyo vinavyozaa malengo, na lengo huwa kuimarisha vidole vya mtoto ambaye kero kubwa ya kwao ni kwamba hali na wenzake. Mtaalamu anayeanza na shughuli huuliza siku ya mtoto inavyokwenda tangu alfajiri: anaamkaje, nani anamwogesha, anakula nini na wapi, anakwenda chekechea au chuo cha Kurani, jioni anacheza na nani, usiku analala saa ngapi na ubavuni kwa nani. Kipo chombo kilichotungwa Kanada na kutolewa mwaka 1991 kwa ajili ya mazungumzo haya. Mzazi hutaja shughuli zinazomtatiza mtoto, huzipa uzito kuanzia 1 hadi 10, huchagua zisizozidi 5, na kwa kila moja husema mtoto anaimudu kiasi gani na yeye mwenyewe ameridhika kiasi gani. Vipimo vya mikono na vya milango ya fahamu hufuata baadaye, vikiulizwa swali mahususi: ni nini kinachoizuia shughuli hii?

Tuseme mama na bibi wamechagua kula. Nyumba hiyo hula mkekani, sinia moja, kwa mkono: wali wa nazi au sima, samaki na mchuzi wake. Lengo lililoandikwa vizuri lingesema kwamba baada ya wiki 8 mtoto atakaa mkekani na ndugu zake wakati wa chakula cha mchana kwa dakika 10, akila kutoka katika bakuli lake lililowekwa kando ya sinia, siku 4 kati ya 7, akikumbushwa na mtu mzima mara 2 tu au pungufu. Kisha zifuate hatua. Mtoto akae mwisho wa mkeka, karibu na bibi, asibanwe huku na huku. Kabla ya kukaa, abebe dumu la lita 2 la maji kutoka pipani hadi jikoni, kwa kuwa wako watoto wenye usonji wanaotulia baada ya kubeba au kusukuma kitu kizito. Kama huyu hatulii, hatua hiyo ifutwe. Bakuli lake litangulie kuonyeshwa, liwe ndiyo ishara ya kuwa wakati wa kula umefika. Wali na samaki wake viwe vikavu, na mchuzi ukae katika kikombe pembeni; wiki kadhaa baadaye aonje kwa ncha ya kidole akipenda, asilazimishwe. Mlo uishe kila siku kwa jambo lile lile, kunawa mikono. Mwishoni ipangwe ngazi ya kupimia ya hatua 5, kwa njia waliyoibuni Kiresuk na Sherman mwaka 1968: chini kabisa, -2, ni hali ya leo, anakula peke yake huku akizunguka uani, 0 ni lengo lenyewe, +2 ni kuchota kwenye sinia pamoja na wengine. Hakuna kilichonunuliwa, na kila mtu wa nyumba hiyo anaweza kuusoma mpango au kusomewa akajua zamu yake.

Ushahidi wa utafiti unaunga mkono kupima kwa shughuli. Nadharia ya A. Jean Ayres wa Marekani kuhusu namna ubongo unavyounganisha taarifa za milango ya fahamu, aliyoieleza kitabuni mwaka 1972, imezaa vyumba vyenye bembea, mipira na mazulia ya kila namna. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitahadharisha kwamba ushahidi wa tiba hizo ulikuwa mchache na haujakata shauri. Muda mfupi baadaye, utafiti wa Schaaf na wenzake uliwafuata watoto 32 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 8, na waliopewa tiba hiyo kwa wiki 10 walizidi wenzao katika malengo yaliyoandikwa kwa kila mtoto. Utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wenye watoto 138 na uliotolewa mwaka 2022, haukuona tofauti katika kipimo chake kikuu, yaani hasira na fadhaa za mtoto. Lakini alama za shughuli walizozichagua wazazi ziliongezeka kwa waliopewa tiba. Ni haki kusema kwamba kundi la kulinganisha halikupimwa kwa alama hizo, kwa hiyo hatuwezi kudai kuwa tiba peke yake ndiyo iliyoleta maendeleo. Jambo lililo wazi ni hili: anayetarajia tabia yote ya mtoto igeuke ana ushahidi mdogo wa kuegemea, na anayelenga shughuli moja iliyotajwa kwa jina anaweza walau kuona kama imesogea au haikusogea, na akabadili njia mapema.

Pingamizi la kwanza litatoka pwani yenyewe. Huku, ukiambiwa kwa fulani kuna shughuli, unajua ni harusi, maulidi au hitima. Je, mzazi hatachanganyikiwa? Muktadha utamwongoza, kama unavyomwongoza kila siku, na maana hiyo ya pili inaitajirisha istilahi. Fani hii inahesabu ushiriki katika mambo ya jamii kuwa sehemu yake halali, na mtoto mwenye usonji mara nyingi ndiye anayefichwa au kuachwa nyumbani siku ya shughuli. Mpango unaomwandaa akae maulidini kwa nusu saa, mbali na kipaza sauti na akiwa na mtu wa kumtoa akizidiwa, uko ndani kabisa ya tiba hii.

Pingamizi zito zaidi linahusu neno tiba. Usonji hauponi kwa dawa, na mzazi akisikia tiba huenda akangoja kupona, kisha akakata tamaa au akaangukia mikononi mwa wanaouza miujiza. Nalikubali kwa sehemu. Hata hivyo, kuliondoa neno tiba ni kuitoa huduma hii katika orodha ya huduma za afya, ikaonekana ni hisani au mchezo wa chekechea. Nafuu ni kulieleza siku ya kwanza: kinachotibiwa hapa ni kizuizi kilicho kati ya mtoto na shughuli yake, na mara nyingi kizuizi hicho kiko nje ya mtoto, katika kelele, katika haraka yetu watu wazima, katika mshono wa nguo. Neno shughuli, likikaa kando ya tiba, ndilo linaloifanya ahadi hiyo iwe ya kweli.

Wengine watasema kwamba tunabishana juu ya jina ilhali wataalamu wenyewe ni wachache. Uchache huo ndio unaolipa jina uzito. Familia ya Munje inayokwenda hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo Msambweni itamwona mtaalamu kwa dakika chache kwa mwezi. Saa zote zilizobaki mtoto yuko na mama, bibi, ndugu, maalimu na mwalimu wa chekechea. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, yenye vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na yamejengwa juu ya mchezo na taratibu za kawaida za nyumba. Watafiti wameyafanyia kazi Kenya na Ethiopia. Msingi wake ni kwamba mlezi ndiye mtendaji mkuu. Mtendaji huyo akipewa mpango wenye jina asiloelewa na malengo ya vidole, ameachwa mikono mitupu. Na kama lugha ya nyumbani ni Kidigo au Kichifundi, basi maelezo ya kila hatua yaandikwe au yasemwe kwa maneno ya nyumba hiyo. Istilahi ya Kiswahili inawaunganisha hospitali, shule na mzazi, wala haifuti lugha ya mama.

Kwa hiyo napendekeza tiba ya shughuli kwa fani, mtaalamu wa tiba ya shughuli kwa anayeitoa, na mpango wa shughuli kwa karatasi anayopewa mzazi. Karatasi hiyo ianze na shughuli zilizochaguliwa na familia, vipimo vije chini yake, na kila lengo litaje mahali, mtu wa kusaidia, muda na siku ya kuliangalia upya. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo Wizara ya Elimu ya Kenya ilivianzisha mwaka 1984, viutumie mpango huo huo mtoto anapoelekezwa shuleni, ili mwalimu aendelee pale mama alipofika badala ya kuanza upya. Mzazi ana haki ya kuuliza, akiwa bado kitini mbele ya mtaalamu, ni shughuli gani mwanawe ataiweza wiki 8 zijazo ambayo leo haiwezi. Mpango usioweza kulijibu swali hilo urudishwe uandikwe upya.