Lugabire: namna mpira uliotoka Congo ulivyorudi miguuni mwa Wakongomani

GOMA – Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mafundi wa viatu hupanga matairi yaliyochakaa kando ya njia. Kisu kirefu, msumari, nyundo, na kopo la maji la kulowesha kisu ili mpira usiking'ang'anie. Muda si mrefu kipande cha tairi kinageuka soli, na mpira wa ndani, ule unaojazwa upepo, unakatwa kamba. Wengi wanaviita lugabire, jina linalojulikana pia Rwanda na Uganda. Watanzania wanasema katambuga. Kwa kijana wa mjini ni kiatu cha kuchekwa, kiatu cha mkulima. Lakini mtu aliyekimbia vita kwa miguu kutoka Masisi au Rutshuru hawezi kukicheka, na historia yake inastahili kusikilizwa.

Zamani watu wengi wa nchi hii walitembea miguu mitupu. Wafanyabiashara wa pwani walioingia Maniema katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, walikuwa na makubadhi yao ya ngozi, lakini wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Kasongo na Nyangwe wengi wao hawakuwa na kitu mguuni. Ndipo likaja balaa dogo ambalo halionekani vizuri hata kwa macho. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, pwani ya Angola, na katika mchanga wake alikuwemo funza. Mdudu huyo hakuwa wa Afrika. Alifuata njia za misafara, mguu kwa mguu, akavuka Congo, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya mashariki na Zanzibar. Alivuka bara zima ndani ya vidole vya watu wasio na viatu.

Miaka hiyo hiyo ulaya ilianza kuutafuta mpira kwa nguvu. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake. Baada ya baiskeli ikaja motokari. Congo wakati huo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu 1885, na misitu yake ilijaa mitambaa inayotoa utomvu wa mpira. Wanaume walitumwa msituni kwa kulazimishwa. Wake zao walifungwa kama rehani mpaka kilo zilizotakiwa zitimie. Wengine waliupaka utomvu mwilini mpaka ugande, kisha wakaubandua pamoja na vinyweleo. Kijiji kilichoshindwa kilichomwa, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, ilitangazwa mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo. Sehemu zilizoumia zaidi zilikuwa Équateur na misitu ya kati, si Kivu, lakini ni historia ya taifa zima.

Basi watu walioujengea ulimwengu matairi ya kwanza walikuwa wakitembea bila viatu. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aitazame lugabire kwa jicho lingine. Si kusema kwamba mpira wa leo ni ule ule: mashamba ya Asia, yaliyopandwa kwa mbegu zilizotolewa Brazil mwaka 1876, yaliushinda mpira wa msituni, na siku hizi tairi lina mpira mwingi wa viwandani. Lakini gurudumu limezunguka, limechakaa, na limerudi Congo kama takataka ya magari. Fundi wa hapa akaona soli pale ambapo wengine waliona uchafu.

Hakuwa peke yake. Huko Vietnam, wapiganaji wa Ho Chi Minh walitembea milima na misitu katika vita dhidi ya Ufaransa, kisha dhidi ya Marekani, wakiwa na viatu vya tairi vya namna hiyo hiyo. Na huko Ufaransa kwenyewe, mwaka 1946, ngozi ilipokosekana baada ya vita vikuu, Jean Dauphant wa Auvergne alibuni kiatu cha wazi cha plastiki chenye mikanda ya kusukana. Kiliuzwa mpaka Afrika, na Côte d'Ivoire wanakiita lêkê. Vijana wanachezea nacho mpira wa miguu. Kinaingia majini na kukauka haraka, na kamba yake ya nyuma inashika kisigino.

Kambambili ni habari nyingine. Asili yake ni zori, kiatu cha majani makavu cha Wajapani, kilichosambaa katika umbo la mpira baada ya mwaka 1945. Wabrazili walianza kutengeneza Havaianas mwaka 1962, na soli yake ina alama kama punje za mchele kwa kukumbuka zori hiyo. Jina letu ukilisikia vizuri linakieleza chenyewe: kamba mbili, zinazokutana kati ya kidole gumba na cha pili. Bei yake ni ndogo, na ni kizuri kwa kwenda kuoga. Ubaya ni kwamba hakuna kinachoshika kisigino. Vidole vinakibana kila hatua, mguu unachoka, na mtu akianza kukimbia kinabaki nyuma.

Goma inalijua hilo. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002 ambapo moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 watu walirudi nyumbani wakikanyaga miamba iliyokuwa bado na joto, na soli za sponji au plastiki laini huyeyuka kwa joto kama hilo. Mwaka 2021, siku chache baada ya mlipuko, maelfu kwa maelfu walihama kwenda Sake kwa miguu, zaidi ya kilomita 20, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Miamba ya lava, hata ikipoa, inakata kama chupa. Kambi za wahamiaji wa vita kama Kanyaruchinya zilikuwa juu ya mawe hayo hayo.

Kuna na ugonjwa. Daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba vumbi la udongo wa volkano likiingia katika ngozi ya mguu kwa miaka mingi laweza kuuvimbisha kama matende. Hauambukizi mtu kwa mtu. Upo Ethiopia, Cameroon na Rwanda, na kinga yake ni viatu na kuosha miguu kwa sabuni. Kwa hiyo familia inayochagua kumnunulia mtoto kiatu kabla ya kanga mpya haikosei hesabu.

Mnunuzi mwenye pesa kidogo ana mambo ya kutazama. Soli ikunjwe kwa mikono: ikijikunja katikati kama karatasi, haitabeba mguu, inatakiwa ijikunje pale mbele kwenye vidole tu. Kisigino kiwe na kamba. Mbele kibaki kiasi cha upana wa kidole, na kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa mwendo. Lugabire ni nzito, ndiyo, na siku za kwanza kamba zake zinachubua. Ya tairi lenye nyuzi za nailoni ni bora kuliko ya tairi lenye waya, maana waya ukichomoza unachoma mguu.

Kule ziwani, Kituku, ambako mawe yana utelezi na wabebaji wanashusha mizigo maji yakiwa magotini, kiatu cha ngozi kinaoza na kambambili inaelea kwenda zake. Wenye lêkê au lugabire wanapita. Kamba ikikatika, fundi hupigilia nyingine, mpira wa ndani wa baiskeli ukitosha.