Kutoka kambi za Thailand hadi Seneti ya Minnesota: safari ya Mee Moua

 

Leo tunakwenda mbali, lakini mwanzo wa habari hii unaujua vizuri. Watu wanakimbia vita, wanavuka mto mkubwa, wanafika nchi jirani, wanaandikishwa kambini, wanaanza kusubiri. Mto huo ni Mekong, kati ya Laos na Thailand. Watu hao ni Wahmong.

Wahmong ni watu wa milimani. Wakati wa vita vya Vietnam, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwapa silaha maelfu ya wanaume wa Kihmong, hata wavulana wadogo, wapigane kwa siri upande wake nchini Laos. Mwaka 1975 upande huo ulishindwa. Makamanda na baadhi ya familia waliondolewa kwa ndege. Wengi waliobaki walijitafutia njia kwa miguu. Thailand ikawafungulia kambi, na mojawapo, Ban Vinai, haikufungwa hadi mwaka 1992. Hebu piga hesabu: hiyo ni miaka 17.

Mee Moua alizaliwa Laos mwaka 1969. Alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipokimbilia Thailand. Mwaka 1978 walipokelewa Marekani, wakaishi kwanza katika mji wa Providence, kisha Appleton, jimbo la Wisconsin. Msichana huyo alisoma. Alimaliza chuo kikuu cha Brown, akaongeza shahada ya utawala wa umma Texas, na mwaka 1997 akamaliza sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Akafanya kazi ya uwakili Saint Paul, mji ambao Wahmong wengi walikuwa wamehamia.

Ukiisimulia haraka, habari hii ni ya mtu mmoja hodari aliyesoma akafanikiwa. Lakini elimu yake peke yake isingempa kiti. Kiti hupatikana kwa kura, na kura hupigwa na raia. Hapo ndipo wazee wanapoingia.

Wazee wengi wa Kihmong walikuwa wameishi Marekani miaka mingi bila kuwa raia. Ili upewe uraia ulipaswa kufanya mtihani kwa Kiingereza. Maandishi ya Kihmong yanayotumika zaidi leo yalitungwa miaka ya 1950 tu, na wazee wengi hawakuwahi kukaa darasani. Mtu aliyeshika bunduki kwa ajili ya Marekani akiwa kijana sasa alishindwa kusoma swali lililokuwa mbele yake.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowakatia misaada ya serikali wahamiaji wengi wasio raia, wakiwemo wazee waliotegemea fedha hizo kula. Wewe uliyewahi kusikia tangazo la kupunguzwa kwa mgawo hauhitaji kuelezwa hofu iliyoingia katika nyumba zile. Sehemu ya misaada hiyo ilirudishwa baadaye, lakini somo lilikuwa limeeleweka: asiye raia huamuliwa na wengine.

Askari wa zamani wakapeleka madai yao Washington. Mbunge wa Saint Paul, Bruce Vento, ambaye hakuwa Mhmong, aliusimamia muswada wao kwa miaka. Mwezi Mei 2000 ukawa sheria. Wapiganaji wale na wake zao wakaondolewa sharti la Kiingereza, wakaruhusiwa kufanya mtihani kwa msaada wa mkalimani. Wazee wakaanza kula kiapo cha uraia.

Mwishoni mwa 2001, seneta wa upande wa mashariki wa Saint Paul alichaguliwa kuwa meya, kiti chake kikawa wazi. Hapa ieleweke kwamba kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington. Seneti ya Minnesota ina wajumbe 67, na ndiyo inayoshughulikia mambo kama shule, polisi na mahakama za jimbo.

Mee Moua akagombea, akiwa na umri wa miaka 32, mwanamke katika jamii ya koo ambako wanaume wazee ndio waliozoea kusema kwa niaba ya wote. Hakuwa Mhmong wa kwanza kutafuta kura: mwaka 1991 mwanamke mwingine, Choua Lee, alichaguliwa katika bodi ya shule ya mji huohuo. Wahmong peke yao hawakutosha kumpa ushindi, ilibidi awashawishi majirani wa asili nyingine pia. Uchaguzi mdogo ulifanyika Januari 2002, katikati ya baridi kali ya Minnesota. Akashinda. Akawa Mhmong wa kwanza kuingia katika bunge la jimbo lolote la Marekani.

Alikaa Seneti hadi mwanzoni mwa 2011, na kuanzia 2007 aliongoza kamati ya sheria na mahakama. Kisha hakugombea tena. Aliyemfuata alikuwa mkuu wa zamani wa polisi wa mji, si Mhmong. Katika uchaguzi wa 2012 kiti hicho kilichukuliwa na Mhmong mwingine, Foung Hawj. Kiti hakikuwa mali ya ukoo. Kiliombwa upya kila mara.

Mpenzi msikilizaji, hatukusimulii haya ili uanze kuhesabu siku za kwenda Marekani. Unajua kwamba ni wachache mno wanaopata nafasi hiyo. Na huenda huna kura katika nchi uliyomo leo.

Lakini tazama walichofanya wale wazee. Hawakungoja kujua Kiingereza ndipo waseme. Walijua jambo moja linalowazuia, wakalidai hilo, wakatafuta mtu wa kulibeba mahali wasipofika wao. Kambini pia kuna kamati za maji, za shule, za akina mama, na viongozi wanaochaguliwa. Anayejifunza leo kusimama mbele ya majirani na kueleza shida yao bila kugombana, kesho haanzi na sifuri, awe amerudi nyumbani au amebaki ugenini.

Katika kikundi chenu cha wasikilizaji, jadilianeni: ni jambo gani moja linalowazuia wazee wa hapa kusikilizwa? Nani anaweza kulibeba, na mtamwambia nini kwanza?

Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.