Mikopo ya nyumba imeshuka? Muulize kwanza babu wa Bunda

Wadau, kuna habari moja nilitaka kuiandika mwezi Februari, na hadi leo nashukuru sikuiandika. Ngoja niwasimulie.

Nilikuwa Musoma mjini. Mhariri wangu kule Dar analalamika kila siku kwamba sisi wa mikoani tunamtumia habari za ajali na mafuriko tu, hakuna uchumi. Basi nikaingia kwenye ofisi moja ya mikopo, nikaonyeshwa mchoro wa mikopo ya ujenzi. Agosti na Septemba mstari uko juu, Desemba unateremka, Januari unateremka zaidi, Februari uko sakafuni. Kichwa cha habari kikajiandika chenyewe: "Soko la nyumba Mara laporomoka".

Kabla ya kutuma nikapanda basi kwenda Bunda kumsalimia babu. Baada ya shikamoo nikampa habari yangu kwa majivuno yote ya msomi. Babu akanitazama, akauliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, Februari anajenga nani?"

Halafu akanipeleka nyuma ya nyumba. Ukuta wa nyuma haujapigwa plasta mpaka leo, na ukiutazama vizuri unaona rangi ya tofali inabadilika. Nyekundu iliyokolea, kisha nyekundu iliyofifia, kisha karibu kahawia. Kila rangi ni tanuri moja, na kila tanuri ni msimu mmoja. Babu alikuwa mkulima wa pamba. Tofali zinafyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, na ndicho kipindi pamba inauzwa na pesa ipo mkononi. Novemba na Desemba unapanda. Januari ni ada za shule. Februari unapalilia, pamba iko shambani, mfuko mtupu. Hata mfanyakazi wa serikali asiyelima ana fundi anayelima na mpangaji anayelima. Kwa hiyo Februari mstari lazima ulale. Unaonyesha mwezi tu, msiba haujatokea.

Sasa basi, hapo nikajiuliza swali kubwa zaidi. Kama kushuka kwa msimu si habari, je, kuna kushuka ambako kweli kulikuwa habari, na sisi tukakukosa? Tukirudi nyuma kidogo, kupo.

Enzi za mkoloni mkopo wa nyumba ulikuwa wa watu wa mjini wenye hati, hasa Wazungu na Wahindi. Mzanaki au Mjita mwenye ardhi ya ukoo hakuwa na karatasi ya kuweka rehani. Uhuru ukaja, Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa mwaka 1962. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na kiongozi akakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ikawa ya kuishi, si ya biashara.

Lakini mtu lazima aishi mahali. Ndipo ikaundwa Benki ya Nyumba Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1972, ikaanza kazi 1973. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 ukaanzishwa na mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ili hata mtu wa kijijini apate mkopo wa riba nafuu. Mkoani kwetu wakati huohuo, mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kutoka maboma yao ya zamani, na waliohamishwa walitakiwa kusimamisha nyumba haraka. Mahitaji yalikuwa makubwa kuliko benki yoyote.

Miaka ya 1980 mambo yakaharibika. Saruji na mabati yakaadimika, shilingi ikashuka thamani, wakopaji wengi wakawa hawarejeshi. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Nchi nzima ikabaki bila benki maalumu ya nyumba. Sheria mpya ya mikopo ya rehani ilipitishwa mwaka 2008, na kampuni ya TMRC, inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, ikaundwa 2010. Hesabu mwenyewe: kutoka 1995 hadi 2008 ni miaka 13. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza benki ikifungwa alimaliza kidato cha sita kabla pengo halijaanza kuzibwa.

Huko ndiko kushuka kwa kweli.

Kwenye ukuta wa babu kupo pia. Chini ya lenta kuna tofali zilizoota ukungu, juu yake tofali mpya kabisa. Nikamuuliza. Akasema biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, katikati ya miaka ya 1990, alimkopesha mnunuzi mmoja pamba yake yote na yule bwana hakurudi. Kiangazi kilichofuata hakuchoma tofali. Kilichofuata tena, hakuchoma. Mahali pa kukopa hapakuwepo. Nyumba ilikaa bila paa miaka sita, na bibi alifariki kabla haijaezekwa. Alilisema hilo taratibu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Nadhani hiyo ndiyo kanuni, na haina haja ya digrii. Usilinganishe Februari na Septemba, linganisha Februari na Februari ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Kisha subiri kiangazi: kikirudi na tofali zisirudi, hapo piga kelele. Wenzetu wa Marekani walipewa ishara hiyohiyo. Kila majira ya baridi mauzo ya nyumba hupungua kwao na hakuna anayeshtuka. Lakini mwaka 2006 majira ya joto yalifika na mauzo yakawa chini ya yale ya 2005. Waliosema "ni msimu tu" walijuta ilipofika 2008.

Kuna jambo jingine. Takwimu za mikopo ya rehani nchini zinahesabu wakopaji elfu chache tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Sisi Mara tunajenga kwa pamba, kwa sangara na dagaa, kwa ng'ombe, kwa SACCOS na kwa mkopo wa mshahara ambao kwenye fomu umeandikwa "maendeleo binafsi". Hata nyumba za Mwalimu pale Mwitongo, Butiama, moja alijengewa na chama na nyingine na jeshi. Ukisoma takwimu ya rehani peke yake, mkoa wetu karibu haumo.

Binamu yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko Butiama. Wiki ileile alinipigia simu: "Kaka, wewe ndiye mwandishi. Nikope sasa niezeke, au nyumba zinashuka nisubiri?" Kama ningekuwa nimetuma ile habari, angesubiri, na masika ya Machi yangemkuta na kuta wazi.

Nilimwambia aangalie makato ya mshahara wake na bei ya bati, asiangalie gazeti. Ameshaezeka. Na mimi nimerudi ofisini kwa yule ofisa kumwomba michoro ya Februari za miaka mitano. Akinipa, hiyo ndiyo nitakayoiandika.