Ebola na Neno la Wakubwa: Beni na Butembo, 2018–2020

Jubilei ni wakati wa kumshukuru Mungu. Ni wakati pia wa kukumbuka kwa kweli mambo yaliyotupata. Katika historia ya Kivu ya Kaskazini kuna miaka miwili isiyofaa kusahauliwa, kwani ndani yake watu wengi walikufa kwa ugonjwa, na wengine walikufa kwa sababu hawakusadiki kwamba ugonjwa uko.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa huo haukuwa mgeni katika inchi yetu. Ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, katika hospitali ya misioni, ambako masista walikufa pamoja na wagonjwa wao. Lakini watu wa Beni na Butembo walikuwa hawajauona. Walikuwa wameona msiba mwingine: tangu mwezi wa kumi 2014 raia wa Beni waliuawa kwa mapanga, mashambani na vijijini, na askari waliotumwa kuwalinda hawakuweza kuyakomesha mauaji hayo. Basi wengi walijiuliza: Je, wale walioshindwa kutulinda na mapanga, leo wanatuletea magari na feza nyingi kwa ajili ya homa? Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushituka.

Ndivyo uvumi ulivyopata nafasi. Wengine walisema Ebola ni uongo. Wengine, kwamba imeletwa ili kuwaangamiza. Wengine, kwamba ni biashara ya wakubwa. Mwezi wa tisa 2018, wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika wanne alijibu kwamba Ebola haiko. Waliosadiki kwamba wakubwa wa mahali wanatafuta faida ya raia hawakufika mmoja katika watatu. Na wale wasiowasadiki wakubwa ndio waliokataa zaidi chanjo na hospitali. Neno la kweli lilikataliwa kwa sababu ya kinywa kilicholisema.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na inchi yote, bali katika mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi! Kesho yake watu wenye hasira waliharibu mahali pa kupokea wagonjwa mjini Beni. Tarehe 30, wengine wa mji ule ule walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ambayo Serikali haikuihesabu. Namna ya kujikinga waliijua. Rais mpya aliapa katika mwezi wa kwanza, kabla ya zamu yao kufika.

Tangu hapo mambo yalizidi kuwa magumu. Mwezi wa pili 2019, vituo vya kutunza wagonjwa wa Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 mwezi wa nne, munganga Richard Mouzoko, mzaliwa wa Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali mjini Butembo. Wagonjwa walifichwa nyumbani, na jamaa waliowatunza na kuosha maiti wakaambukizwa.

Tuseme kweli yote: manung'uniko ya raia hayakuwa bure. Mwezi wa tatu 2020, korti ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Afya kwa kosa la kunyang'anya feza za Ebola. Mwaka 2021, tume huru ilieleza namna wafanyakazi wengine wa msaada, hata wa Shirika la Afya la Ulimwengu, walivyowatumia vibaya wanawake waliotafuta kazi. Maneno juu ya ugonjwa yalikuwa ya uongo, lakini jeraha lililoyazaa lilikuwa la kweli.

Nini basi kiliwarudisha watu polepole? Ni mambo waliyoyaona kwa macho. Wagonjwa walilazwa katika vyumba vyenye kuta kama kioo, ili jamaa wawaone na kusema nao. Waliopona walirudi kuwalea watoto ambao mama zao wamelazwa, kwani hawakuogopa tena kuambukizwa. Makanisani watu walinawa mikono mlangoni, wakaacha kushikana mikono katika salamu ya amani. Mwezi wa nane 2019 ilijulikana kwamba dawa mbili zinaponya wengi wanaofika mapema. Asili ya moja ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Zaidi ya watu 300 000 walipokea chanjo.

Tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, waliougua walikuwa 3 470; waliokufa, 2 287.

Mkubwa anayetaka kusikilizwa siku ya ugonjwa, awatunze watu wake siku za afya, na feza yao aihesabu mbele yao. Nasi raia tuna sehemu yetu, kwani hakuna uvumi unaotembea bila vinywa vyetu. Kabla ya kumpelekea jirani habari, tuulize kwanza imetoka wapi. Marehemu wale, na waganga waliokufa wakiwatunza, wapumzike kwa amani.