Hewa Iliyogeuzwa Jiwe

Mkazi wa Maili Moja, pale Kibaha, achimbapo msingi wa nyumba hukutana na mchanga na udongo. Jiwe la volkano halijui ila kwa kusikia. Lakini katika Bonde la Ufa, kandokando ya Naivasha, nchi nzima imeumbwa kwa moto, na miamba yake imeanza kutafutwa iwe ghala la hewa ya ukaa.

Chanzo cha shauri hili ni Iceland. Mwaka 2012, huko Hellisheiði, mafundi wa mradi wa Carbfix waliyeyusha hewa hiyo katika maji, wakayashindilia chini ya ardhi. Maji ya namna hiyo huwa na ukali wa asidi. Huimumunya basalti na kutoa ndani yake kalisi, magnesi na chuma, navyo hushikamana na ile hewa vikawa jiwe la jamii ya chokaa. Wengi walidhani kazi hiyo ingetaka mamia ya miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa iliyofukiwa iligeuka jiwe kabla ya miaka miwili kutimia!

Kenya haikukaa nyuma. Octavia Carbon, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, huunda mitambo ya kunasa hewa ya ukaa angani, nayo ilishirikiana na kampuni ya Cella ili hewa hiyo ifukiwe bondeni. Joto la kuendeshea mitambo hupatikana katika mvuke wa ardhini.

Mvuke huo nao una historia yake, na yafaa isomwe kwanza. Visima vya Olkaria vilianza kuchimbwa mwaka 1956, visifae kitu wakati ule. Umeme ulipatikana mwaka 1981, kwa mtambo wa megawati 15. Mwaka 2014 Wamasai walihamishwa kuupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao juu ya ardhi waliyopewa yakafika hata Benki ya Dunia. Wenyeji hao ndio majirani wa ghala jipya.

Tena yako maji. Kwa njia ya Iceland, tani moja ya hewa hutaka tani 25 hivi za maji, na Ziwa Naivasha tayari lina wavuvi, wafugaji na wakulima wa maua. Iceland imejaribu pia maji ya bahari. Naivasha bahari iko mbali.