SOMO LA LEO: JIWE LA MLINGOTINI

Fungueni daftari zenu. Leo tutajifunza habari za mwendo, na jinsi jiwe moja lilivyoshinda hoja ya miaka mingi.

Zamani wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba dunia imetulia. Walisema, kama dunia ingekuwa inakwenda, jiwe likiachwa juu ya mnara lingeanguka mbali na mnara ule. Tena walisema, merikebu ikienda, jiwe la mlingotini huanguka nyuma ya mlingoti.

Galileo wa Italia alikataa. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 alieleza kwamba jiwe lililomo merikebuni lina mwendo wa merikebu tayari, na likiachwa haliupotezi. Mwaka 1633 alihukumiwa mjini Roma kwa ajili ya mafundisho yake kwamba dunia inakwenda, akafungiwa nyumbani mpaka alipokufa mwaka 1642.

Mwaka 1640, huko Marseille, Ufaransa, padri Pierre Gassendi aliijaribu hoja ile. Merikebu ya makasia ilikwenda mbio, na jiwe likaachwa juu ya mlingoti. Je, lilianguka wapi? Penye shina la mlingoti!

Haya, tufanye hesabu. Tuseme mlingoti una urefu wa futi 64. Jiwe litafika chini kwa sekunde 2 hivi. Merikebu ikienda futi 10 kila sekunde, itakuwa imekwenda futi 20. Jiwe nalo limekwenda mbele futi 20, kwa hiyo halikuachwa. Baharia huliona likishuka wima. Mtu aliye pwani huliona likipinda kwenda mbele. Wote wawili wanasema kweli.

Angalieni, jiwe lile halikuthibitisha kwamba dunia inakwenda. Lilionyesha tu kwamba hoja ya kupinga haikuwa na nguvu.

Basi katika hesabu za mwendo, ulizeni kwanza: ni nani anayetazama? Kwa mtu aliye pwani, kitu kikienda upande mmoja na chombo, jumlisheni. Kikienda kinyume, toeni.

Zoezi: Merikebu inakwenda futi 10 kila sekunde. Baharia anatembea futi 4 kila sekunde kuelekea omo, kisha anarudi vivyo hivyo kuelekea tezi. Mtu aliye pwani atamwona akienda kwa mwendo gani kila mara?

Majibu ni futi 14, kisha futi 6. Asiyepata na arudie pole pole. Kwaherini mpaka somo lijalo.