Pumzi ya Saa Chache: Mazoezi ya Waendesha Baiskeli Wenye Ajira

Kuendesha baiskeli mwendo wa taratibu kwa saa nyingi mfululizo ni ustadi uliokuzwa zaidi na watu ambao hawakuwa na saa nyingi. Mwanamashindano wa kulipwa wa karne ya 19 alikuwa na juma zima la kujinoa barabarani. Charles Terront, aliyeshinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi mwaka 1891 kwa saa 71 na dakika 22, njia ya takriban kilomita 1,200, alikuwa mmoja wao. Karani, fundi na mwenye duka waliambulia Jumapili, na kidogo kilichobaki kabla ya kuingia kazini na baada ya kutoka. Kwa hiyo historia ya ustahimilivu wao ni, kwa sehemu kubwa, historia ya ratiba za ajira.

Mtetezi wa kwanza mashuhuri wa mwendo huo alikuwa Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri katika mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, aliyejulikana zaidi kwa jina la uandishi la Vélocio. Mwaka 1887 alianzisha jarida la Le Cycliste, na humo akawahimiza wasomaji wale kabla njaa haijauma, wanywe kabla kiu haijabana, wasifanye pupa saa za mwanzo wala wasiendeshe kwa kujionyesha. Lakini mchango wake mkubwa ulikuwa wa kifundi. Baiskeli ya gia moja haimwachii mtu nafasi ya kwenda taratibu mlimani: ama akanyage kwa nguvu zote, ama ashuke asukume. Vélocio alipigania gia za kubadilisha kwa miaka mingi, huku Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, akiziona kama mkongojo wa wanyonge. Mashindano hayo hayakuruhusu vibadilisha gia vya mnyororo hadi mwaka 1937, miaka saba baada ya Vélocio kufariki.

Ajabu ni kwamba Desgrange huyo huyo ndiye aliyeupa mwendo wa taratibu kanuni nchini Ufaransa. Mwaka 1897 kikundi cha Waitalia kilitoka Roma hadi Napoli, kilomita 230, kati ya jua kuchomoza na kuzama, nao wakaitwa audax, yaani majasiri. Desgrange aliichukua fikra hiyo mwaka 1904 na kuiwekea masharti: kundi linakwenda pamoja, nahodha yuko mbele, na hakuna ruhusa ya kumpita. Kwa mtu wa Jumapili moja kwa wiki masharti hayo yalikuwa ya hekima, maana yalimzuia kuchoma nguvu zake zote kabla ya saa sita mchana.

Uingereza ndiko utamaduni wa waendesha baiskeli wenye ajira ulikokomaa. Katika miaka ya 1890 chama cha kitaifa kilipiga marufuku mashindano ya makundi barabarani, kikihofia kwamba polisi na wakubwa wangepata kisingizio cha kuzifunga barabara kwa baiskeli zote. Mwaka 1895 Frederick Bidlake akaandaa mashindano ya aina nyingine: kila mshiriki anaondoka peke yake, akishindana na saa. Yalifanyika alfajiri, bila tangazo, washiriki wamevaa nguo nyeusi ili wasivutie macho. Mtindo huo ulidumu vizazi kadhaa na ukaingiliana vizuri na maisha ya mfanyakazi, kwani mashindano yaliweza kwisha asubuhi na mapema, akarudi nyumbani siku ikiwa bado mbichi.

Jambo ambalo takwimu za mashindano hayo hazionyeshi ni mahali mazoezi yalikotoka. Wengi hawakutenga muda maalumu. Walikwenda kazini kwa baiskeli, wakarudi kwa baiskeli, na hata kwenye mashindano yenyewe walifika kwa baiskeli, magurudumu ya mashindano yakiwa yamefungwa kando ya gurudumu la mbele. Majira ya baridi klabu zilitoka Jumapili kutwa kwa mwendo wa mazungumzo, zikisimama kwa chai. Kilomita hizo hakuna aliyezihesabu kuwa mazoezi, ilhali ndizo zilizokuwa msingi.

Beryl Burton wa Yorkshire ndiye kilele cha utamaduni huo. Alikuwa mke, mama na kibarua shambani, akifanya kazi ya sulubu kwa mwendesha baiskeli mwenzake, Nim Carline, naye hakuwahi kuwa wa kulipwa. Kuanzia 1959 hadi 1983 alishika ubingwa wa jumla wa wanawake wa Uingereza katika mbio za kushindana na saa, miaka 25 mfululizo. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, alifikisha maili 277.25, yaani kilomita 446 hivi, akimpita Mike McNamara, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akiweka rekodi mpya ya wanaume. Inasimuliwa kwamba alipomfikia alimkabidhi peremende, naye akaipokea. Rekodi ya Burton kwa wanawake ilisimama miaka 50.

Wakati huo maabara zilikuwa zimeshaanza kuuliza kama muda unaweza kupunguzwa. Katika miaka ya 1930 kule Freiburg, kocha Woldemar Gerschler na daktari Hans Reindell waliwafundisha wanariadha kukimbia vipande vifupi vya kasi, na kungoja mapigo ya moyo yashuke kabla ya kurudia. Mtindo huo wa vipindi ulienea, kisha ukapingwa. Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu, aliwatanguliza wanafunzi wake kwenye wiki za kilomita 160, na mwaka 1960 wawili kati yao, Peter Snell na Murray Halberg, wakatwaa dhahabu mjini Roma. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha kwa panya waliokimbizwa hadi saa mbili kwa siku kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao ulikaribia kuongezeka maradufu.

Utafiti unaomgusa zaidi mtu asiye na muda ni wa Robert Hickson, uliofanyika Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walifanya mazoezi makali dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki kumi. Kisha wakapunguziwa kwa wiki 15. Waliobaki na dakika 26, hata 13, bila kupunguza ukali, hawakupoteza uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni. Wengine walipopunguziwa ukali, uwezo huo ulishuka. Hadi hapo wapenzi wa vipindi vifupi wana haki ya kushangilia. Lakini kipimo cha kukanyaga pedali hadi kuchoka kilileta habari nyingine: kundi la dakika 26 lilibaki palepale, ilhali la dakika 13 lilishuka kwa asilimia 10. Ustahimilivu wa saa ndefu ulidai muda ambao mapafu na moyo havikuudai.

Mwaka 2006 Martin Gibala na wenzake wa chuo cha McMaster, Kanada, walilinganisha vipindi sita vya mbio za sekunde 30 na vipindi sita vya dakika 90 hadi 120 za mwendo wa wastani. Kundi la kwanza lilitumia takriban saa mbili na nusu kwa jumla, la pili saa kumi na nusu, na mabadiliko ya misuli yakafanana. Magazeti yaliutangaza kama mwisho wa safari ndefu, ingawa majaribio yalichukua wiki mbili tu. Karibu wakati huo huo Stephen Seiler, Mmarekani aliyehamia Norwei, alikuta kwamba wanamichezo bora wa ustahimilivu hufanya takriban vipindi vinane kati ya kumi kwa mwendo mwepesi.

Tangu hapo ratiba ya mtu wa saa sita kwa wiki imetulia katika umbo moja: vipindi viwili vifupi siku za kazi, kimoja kikiwa kikali, safari nyepesi za kwenda na kurudi kazini zikiwezekana, na safari moja ndefu mwisho wa wiki. Vipima mapigo vya Polar, vilivyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vipima nguvu vya SRM vilivyofuata, vilisaidia hasa kumzuia mtu asigeuze siku nyepesi kuwa ya wastani. Baiskeli ya ndani nayo imeokoa dakika zinazopotea mitaani na kwenye miteremko, kwa kuwa hapo hakuna kuteleza bila kukanyaga. Ila inahitaji feni ya nguvu, la sivyo joto hupandisha mapigo ya moyo hata mwendo ukiwa ule ule.